Mbunge asiye na chama angetusemea nini Dodoma? Wa Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

muuza_pembejeo (Uyole)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Juzi mzee mmoja wa Umalila alishuka dukani kwangu kuchukua mbolea ya ruzuku. Mfumo ukagoma kusoma namba yake. Tukakaa tunasubiri mtandao kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana. Redio ilikuwa wazi, Bunge la bajeti, Wizara ya Kilimo. Mheshimiwa mmoja akapewa nafasi. Akashukuru, akapongeza, akapongeza tena kwa majina na vyeo, kengele ya kwanza ikalia. Akasema jimboni kwake kuna changamoto ya ghala. Kengele ya pili. "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja asilimia mia moja." Mzee akanigeukia: "Baba, huyu alikuwa anaongea na sisi au na wale waliompa fomu?"

Nilicheka, ila swali limenikaa. Nauliza hivi: tungekuwa na mbunge mmoja tu wa huku aliyepita kwa kura zetu bila fomu ya chama chochote, mchango wake kwenye sera za nchi ungekuwa tofauti? Sizungumzii kelele, kelele tunazo. Nazungumzia mbolea, mahindi kuvuka mpaka, reli ya TAZARA, barabara ya Igawa hadi Tunduma.

Na jambo lenyewe si geni kama wengi wanavyodhani. Uchaguzi wa 1960 viti vilikuwa 71, TANU ikachukua 70. Kimoja, cha Mbulu, alikichukua Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyegoma kumpisha mgombea wa chama chake. Akasimama kivyake, watu wa Mbulu wakampa. Kwa hiyo siku bendera inapanda Desemba 1961, nchi hii ilikuwa na mbunge aliyechaguliwa bila fomu ya chama, na hakuna kilichoharibika. Mlango ulifungwa 1965 kwa katiba ya chama kimoja. Vyama vingi viliporudi 1992 tukadhani utafunguliwa, wapi. Ibara ya 67 ya katiba inataka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Ibara ya 71 inamalizia kazi: uanachama ukikoma, na ubunge umekwisha. Jimbo zima linakuchagua, kikao kimoja kinakufuta.

Nileteeni mawazo. Ushabiki wa rangi za bendera pelekeni kwenye nyuzi zingine.

boda_soweto

Uzi mrefu kama mteremko wa Mlima Nyoka na breki huna. Nitasoma jioni nikipaki.

mstaafu_mafinga

Kamwene. Mtakaonisalimia, marahaba.

Muuza pembejeo umeruka mwaka mmoja ambao sisi wa huku hatupaswi kuuruka: 1968. Nilikuwa shule ya kati, mwalimu wetu alikuwa akisoma gazeti chini ya mwembe na siku hiyo alilikunja akaliweka mfukoni bila kutusomea. Oktoba ile TANU iliwavua uanachama wabunge kadhaa kwa mpigo. Alikuwamo Eli Anangisye wa Rungwe. Alikuwamo Chogga wa Iringa Kusini. Alikuwamo Kasella-Bantu wa Nzega, na Oscar Kambona ambaye alishakimbilia London mwaka uliotangulia. Viti vikaenda na kadi. Kambona ana habari yake peke yake. Wengine kosa kubwa lilikuwa mdomo: walihoji wakubwa, wakahoji chama kuwa juu ya Bunge wakati Bunge ndilo lililochaguliwa na watu.

Someni vizuri hapo. Hawakuwa wapinzani, maana upinzani haukuwepo. Walikuwa watu wa chama walioamini ubunge wao ni wa Rungwe na wa Iringa. Baada ya hapo, yeyote aliyetaka kusimama kwenye ule ukumbi alijua kadi yake ina uzito gani.

Nyongeza ndogo ya kizee. Mnamfahamu Lady Chesham? Mama wa Kizungu, mzaliwa wa Marekani, mkulima wa huku Iringa. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwenye uchaguzi wa kura tatu wa 1958 na 1959, ule ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. TANU ilimuunga mkono lakini kadi hakuwa nayo, kwa sababu kabla ya uhuru TANU haikuwa ikipokea wanachama wasio Waafrika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Amir Jamal na Derek Bryceson pia. Mkitafuta mfano wa mtu aliyechangia sera bila kadi mfukoni na bado akafanya kazi na chama tawala, anzeni kwao. Vijana mnadhani kila kitu kimeanza na intaneti.

binti_wa_Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Ndaga fijo kwa hiyo ya Lady Chesham, sikuwahi kuisikia.

Swali langu ni la mwanamke. Viti maalum vinagawanywa kwa vyama kulingana na kura zao. Mfumo wa mbunge binafsi unamsaidiaje dada wa Rungwe asiye na hela ya magari ya kampeni? Naona mtakaowapata ni matajiri wa mbao na wenye malori.

muuza_pembejeo

Dada hapo umenigusa pabaya, sina jibu zuri. Wenye malori hata sasa wapo, ila sasa wanapitia kura za maoni za ndani ya chama kwanza.

sheria_mwaka_wa_tatu

Wakuu habari. Nasoma sheria hapa Iringa, naomba niweke sawa upande wa mahakama maana mleta mada amekwenda moja kwa moja kwenye katiba kana kwamba hakuna aliyepambana.

Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi mwaka 1993. Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma akasema raia ana haki ya kugombea bila chama. Wino haujakauka, Bunge likapitisha mabadiliko ya kumi na moja ya katiba, Sheria namba 34 ya 1994, kuizima hukumu. Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa tena. Juni 2010 Mahakama ya Rufani, majaji saba chini ya Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikatengua na kusema hilo ni suala la kisiasa, Bunge ndilo liamue. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 ikasema Tanzania imevunja haki zake, irekebishe sheria.

Mtaona mzunguko ulivyo. Mahakama inasema nendeni bungeni, na bungeni kuna watu ambao wote wamefika kwa fomu ya chama. Rasimu ya Tume ya Warioba ya 2013 ilimruhusu mgombea huru, na hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 ilimuacha. Kura ya wananchi ya kuipitisha katiba hiyo ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, mpaka leo.

Kwa hiyo hoja "Watanzania hawako tayari" siikubali. Ruhusa ya mgombea huru iliandikwa kwenye karatasi na pande zilizokuwa hazielewani kwa mengine yote.

wa_Mlangali

Mtoto wa sheria umesema Mtikila halafu hukusema kwao. Kwao Ludewa, bwana! Sisi huku tunatoa makaa ya mawe, chuma na watu wabishi.

Na nawaletea Mludewa wa pili. Aprili 2012 Zitto Kabwe alipozungusha karatasi ya saini bungeni ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, katiba inataka asilimia ishirini ya wabunge wote, yaani saini kama sabini. Wapinzani peke yao ilikuwa wasuesue. Deo Filikunjombe, mbunge wetu, kadi ya CCM mfukoni, akaweka saini yake. Mezani haikufika, lakini Mei baraza likapanguliwa na mawaziri sita wakatoka. Baadaye akawa makamu wa Zitto kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali, ile iliyoshika suala la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow mwaka 2014. Sasa mniambie: yule alikuwa mbunge wa chama au mbunge binafsi?

Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015. Filikunjombe tarehe 15 mwezi huohuo, ajali ya helikopta, kampeni zikiendelea. Siku kumi na moja. Ludewa tulizika mpaka tukachoka.

mstaafu_mafinga

Mungu awapumzishe. Mwaka ule nilikuja Ludewa, barabara yenu ilinirudisha mgongo nyuma.

mchele_kyela

Ngoja niwashushe kidogo, maana naona watu wameanza kumchora huyu mbunge binafsi kama malaika.

Mimi mchele wangu unavuka Kasumulu, nalala Karonga mara mbili tatu kwa mwezi, na marafiki zangu wengi wako upande ule. Malawi wanao. Uchaguzi wa 2014, viti 193, wabunge wasio na chama walikuwa 52, wengi kuliko chama chochote kimoja kilichokuwa mle. Mwaka 2019 wakawa 55. Ukiwauliza wenzetu wa Karonga walipata nini, wanacheka. Sehemu kubwa walikuwa watu walioshindwa kura za maoni ndani ya vyama vyao, wakakasirika, wakasimama wenyewe. Serikali ya 2014 haikuwa na wingi bungeni, kwa hiyo hao ndio waliokuwa bidhaa. Wengi wakaegemea upande wa wenye ufunguo wa hazina. Mbunge wa chama ana bwana mmoja. Asiye na chama kila mwenye bajeti anaweza kuwa bwana wake. Zambia pale Nakonde nako vilevile, bunge la 2021 liliingia na 13 wa namna hiyo. Uganda ndiyo usiseme, bunge la 2021 waliingia sabini na kitu, na wengine bado walivaa njano ya chama tawala, NRM.

Sasa nirudi kwenye sera, maana ndiko kunakoniuma. Mwaka 2025 Malawi ilizuia kuingiza mchele, ndizi, tangawizi, unga na mahindi. Sisi tukakaa na magunia. Serikali yetu ikajibu kwa kuzuia mazao yao na ya Afrika Kusini, mvutano haukudumu, mpaka ukafunguka. Lakini wiki zile ndizi za Rungwe zilioza kwenye malori, niliziona. Mbunge binafsi angefanya nini? Angeongea dakika zake, angekaa. Waziri ndiye aliyeongea na waziri mwenzake.

muuza_pembejeo

Mchele_kyela kaka yangu, umesema kweli kwenye mengi, ila hilo la mwisho tugombane kidogo.

Tofauti sio kuongea. Wote mnakumbuka 2017, Serikali ilipozuia mahindi kwenda nje. Mimi nilikuwa bado nanunua mahindi, sijaanza pembejeo. Bei ilianguka hapa Mbeya, Songwe, Rukwa kote, mkulima akauza chini ya alichozika shambani, na wengine msimu uliofuata hawakununua mbolea kabisa. Wabunge wetu wa mikoa hii waliongea, wa chama tawala na wa upinzani, nawapa haki yao. Waliongea vizuri sana. Halafu muda wa kupitisha ukafika.

Na hapo ndipo kazi ya mbunge ilipo, ambapo redio huwa imeshazimwa. Bunge likikaa kama Kamati ya Matumizi, mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri. Anasema sitoi shilingi mpaka nipate maelezo ya ghala, ya bei, ya mpaka. Waziri anajibu. Mbunge asiporidhika anaomba hoja yake ijadiliwe, wenzake wanasimama kumuunga mkono au wanabaki wamekaa. Mmeshaona mara ngapi shilingi inashikwa kwa mbwembwe, Waziri anatoa maneno mawili matamu, na mbunge anasema "nimeridhika, narudisha shilingi"? Mimi nimehesabu nikaacha. Muda ukiisha wanapiga gilotini, mafungu yanapita kwa mkupuo. Mwisho kabisa bajeti kuu inapigiwa kura kwa kuitwa jina mojamoja: ndiyo, hapana, au sina upande. Na kila mbunge anajua kwamba Bunge likiikataa bajeti, Rais ana uwezo wa kulivunja, warudi wote majimboni kuomba kura.

Mtu aliyekuja kwa fomu ya chama, shilingi anaishika akiwa tayari anajua lini atairudisha. Kikao cha wabunge wa chama kilishakaa jana yake. Ninachotaka mimi ni mmoja asiyehudhuria kile kikao. Hata akishindwa kura 300 kwa moja, Taarifa Rasmi ya Bunge itaandika kwamba mbunge wa Mbeya alikataa kurudisha shilingi kwa sababu ya mahindi. Mjukuu wangu atasoma.

sheria_mwaka_wa_tatu

Naomba nipinge kwa heshima. Huyo mmoja atapewa dakika na nani? Wachangiaji hupangwa kwa kuangalia uwiano wa vyama. Kambi Rasmi ya Upinzani yenyewe ilihitaji asilimia 12.5 ya wabunge ili itambuliwe. Peter Msigwa wa Chadema alipokuwa mbunge wa Iringa Mjini alikuwa na wizara kivuli ya maliasili, ndiyo maana aliposimama kuhusu tembo alikuwa na hotuba nzima ya kambi, utafiti, na muda wa kuisoma. Asiye na chama hana kambi, hana wizara kivuli, hana wa kumwandalia jedwali la marekebisho usiku wakati muswada unapita asubuhi. Kanuni zingebidi ziandikwe upya.

binti_wa_Tukuyu

Halafu mbona mnaongea kama hatujawahi kuona wabunge wasio na chama? Novemba 2020 Chadema iliwavua uanachama akina mama 19 wa viti maalum, akiwemo Grace Tendega wa Iringa na Sophia Mwakagenda wa huku kwetu. Kesi zikaenda mahakamani, wao wakabaki bungeni mpaka muhula ukaisha 2025. Miaka yote ile wamechangia kilimo, afya, maji, wameuliza maswali. Chama kilichowapeleka kinasema si wake. Yaani lile ndilo jaribio lenyewe, tumelifanya bila kulipigia kura.

wa_Mlangali

Hapana dada, lile si jaribio. Mbunge binafsi ana watu wake nyuma. Wale hawakuwa na jimbo, na chama kimewakana. Wanaongea kwa niaba ya nani?

binti_wa_Tukuyu

Kwa niaba ya wanawake, kaka. Ndiyo maana ya viti maalum. Au hilo nalo linahitaji muhuri wa kijiji?

mstaafu_mafinga

Polepole watoto.

Binti ana hoja, ila mimi nawakumbusha mtu wa Chunya. Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa. Mwaka 1993 kundi la wabunge 55, wote wa CCM, likaleta hoja ya Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, yeye akiwa mbele. Upende usipende ile hoja, na mimi sikuipenda, ilikuwa sera kubwa kuliko zote: sura ya nchi yenyewe. Agosti ile Bunge likaipitisha. Bunge zima! Halafu Mwalimu Nyerere akaingia, chama kikakaa, na mwaka uliofuata ikarudishwa kaburini. Kwa hiyo tunajua jibu la muuza pembejeo kwa upande mmoja. Wabunge wa chama wanaweza kusimama kivyao, hata 55. Kinachotakiwa kuulizwa ni wanaweza kubaki wamesimama kwa muda gani.

mchele_kyela

Mwalimu nakubali, lakini na sisi Kyela mtutaje. Mwakyembe, mbunge wetu, aliongoza Kamati Teule ya Richmond, ile ya mkataba tata wa umeme wa dharura, taarifa ikasomwa Februari 2008, kesho yake Waziri Mkuu akajiuzulu. Kadi ya CCM. Spika Sitta, kadi ya CCM. Hakuna mbunge binafsi wa Lilongwe aliyewahi kunionyesha kitu cha namna ile.

wa_Mlangali

Hiyo moja. Nitajie ya pili.

mchele_kyela

Nipo njiani, mtandao unakata. Nitarudi nayo.

muuza_pembejeo

Tunakusubiri, usijifiche nyuma ya mtandao kama mfumo wa mbolea.

Mimi nimesogea kidogo, nakiri. Nilianza nikidhani kadi ndiyo ugonjwa. Filikunjombe amenivuruga, na wale 52 wa Malawi wamenivuruga zaidi. Bado nataka mlango ufunguliwe. Siwategemei watu wasafi wapite humo, ila hata wabunge wachache tu wa chama wakiona mlango upo wataogopa kupuuza jimbo. Mtu akijua kwamba akikatwa jina kwenye kikao anaweza kusimama mwenyewe, kama Sarwatt, hata sauti yake akiwa ndani ya chama inabadilika. Hapo naweza kuwa nimekosea. Pale viwanja vya Nane Nane vya John Mwakangale tunakwenda kila Agosti kutazama ng'ombe na matrekta, ruzuku yenyewe ya mbolea ilizinduliwa pale mwaka 2022, na sidhani watu kumi kwenye ule umati wanajua Mwakangale alikuwa mbunge wa miaka ya uhuru. Tumebaki na jina la uwanja, alichosema bungeni hatukijui.

boda_soweto

Nimepaki, nimesoma wote, nimekunywa chai mbili. Sina mchango wa sera. Nina swali moja: yule mzee wa Umalila alipata mbolea?

muuza_pembejeo

Mtandao ulirudi saa kumi na moja jioni, alishapanda gari la mwisho. Mifuko yake miwili nimeiweka nyuma ya kaunta. Kesho anashuka tena, nauli juu yake.